Maji ya Moto ya Siku za Mvua

Jumamosi, Nateete. Mvua tangu alfajiri.

Leo mvua imeamka kabla yangu. Niliisikia juu ya mabati nikiwa bado kitandani, na kabla sijamaliza kusema asante Bwana kwa siku hii, miguu ilikuwa imeshashuka chini kutafuta kandambili. Mwili wangu una akili yake. Ukisikia baridi, unakwenda kuwasha sigiri.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba nilikuwa na mtoto wa kiume, Amani, na kwamba alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mama mwenye mtoto wa selimundu anaogopa mvua kama wengine wanavyoogopa wezi. Baridi ikiingia, maumivu yanaingia nayo, miguuni, mgongoni, kifuani. Kwa hiyo kila mvua iliponyesha nilikuwa nabandika maji, nayatia kwenye ile chupa nyekundu ya mpira, naifunga kwa kipande cha kitenge, namwekea pale anapouma.

Amani tulimzika zamani.

Maji bado nabandika.

Si kwamba nimesahau. Najua kitandani kwake sasa kuna mabunda ya vitenge ninavyouza sokoni. Lakini mvua ikipiga mabati namsikia akivuta pumzi kati ya meno, sss, vile alivyokuwa akifanya ili asituamshe. Namsikia kabisa, hapo nyuma ya pazia. Maji yakianza kuchemka, ile sauti inakoma. Nayatia kwenye chupa vilevile, kisha nayaoshea vyombo na siku inaendelea. Hata kwenye maombi sijawahi kumwambia Mungu jambo hili, ingawa Yeye ndiye anayeniona nikipuliza makaa.

Leo nimekutwa.

Furaha, binti yangu, yuko nyumbani wiki hii. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu, akasema, "Mama, andika, usiwe unaongea na sufuria." Wengi mnaniuliza anafanya kazi gani huko ng'ambo, na mimi hujibu haraka haraka ili msiulize la pili. Juzi jirani yangu Mama Nakato alimletea mjukuu mwenye homa. "Dokta, nipimie huyu malaria." Furaha akasema hawezi, yeye si daktari wa wagonjwa. Mama Nakato akanigeukia, mikono kiunoni. "Bannange, nyabo! Jamani, mama! Umesomesha mtoto mpaka meno yako yameanza kung'oka, na hata sindano hajui?" Tulicheka mpaka yule mtoto akaacha kulia.

Ngoja nieleze nilivyoelewa mimi, ambaye shule niliiacha mapema. Seli ya damu ni pana kuliko baadhi ya vijia inavyopita mwilini. Ni lazima ijikunje. Furaha aliwahi kunikumbusha siku tulipohamia nyumba hii, baba yao angali hai, tukaingiza godoro la sponji kwenye huu mlango mwembamba. Tulilikunja, tukalisukuma, likapita, likajinyoosha lenyewe. Seli yenye afya ndivyo inavyofanya. Seli ya Amani ilikuwa godoro lililokauka. Ilifika mlangoni ikasimama, na nyuma yake foleni. Kazi ya Furaha ni kuzipitisha hizo seli kwenye vijia vya kioo, vyembamba kuliko unywele, na kupima zinavyokataa.

Siku moja alinitumia video. Niliona seli moja imekwama na nyingine zikiisukuma kwa nyuma. Niliilaza simu kifudifudi mezani nikatoka nje. Ilikuwa kama mtu amenionyesha yale maumivu yenyewe.

Kazi hiyo wanaiita postdok. Nilidhani ni cheo kikubwa. Kumbe ni kibarua cha msomi. Umeshapata digrii ya mwisho, lakini wanakuajiri kwa mkataba mfupi katika maabara ya mtu mwingine. Ukianza kuzoea njia ya kwenda dukani, mkataba umeisha, unafunga mizigo kwenda nchi nyingine. Aliosoma nao wana nyumba Ggaba, wana watoto. Binti yangu ana mvi mbele hapa, na mali yake yote inaenea kwenye masanduku mawili.

Mimi kanisani nilikuwa nasema, "Anatafuta dawa ya mdogo wake." Alishaniambia si dawa anayoitafuta, anatafuta kuelewa tu seli inavyokuwa ngumu. Lakini utasimamaje mbele ya akina mama useme hivyo? Kila mwaka siku ya shukrani nasimama, natoa ushuhuda, wanapiga vigelegele. Kesho ndiyo siku ya shukrani. Mchungaji ameshasema tusimame wawili, mama na mwana.

Basi asubuhi hii nilikuwa kibarazani, nimeinama, naitia maji ile chupa nyekundu, Furaha akatokea amejifunika shuka.

"Mama. Hiyo ya nani?"

Mvuke ulinipiga usoni, nikashukuru, maana macho yalikuwa na kisingizio.

Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakunicheka, hakunipa pole. Akasema polepole, "Mimi huko maabara, kila seli ikikwama naiambia pole. Kwa sauti. Wenzangu wamezoea, wanadhani ni desturi ya kwetu."

Miaka yote hii nilidhani Amani anakuja kwangu tu.

Halafu akatoa lile lililomleta nyumbani. Mkataba wake unakwisha. Anaweza kupata mwingine mfupi, kwenye damu hiyo hiyo, na baada ya huo hajui. Au aende mahali walipompa kazi ya kudumu, yenye maabara yake mwenyewe, ambako wanachunguza seli za mifupa. Wanasubiri jibu Jumatatu. Kwa siku zote hizi alizokula ugali wangu alikuwa anashindwa kuniambia.

Nilipaswa kusema hongera. Mdomo ukasema, "Na Amani je?"

"Amani amekufa, Mama."

Katika nyumba hii neno hilo halijawahi kutamkwa. Tunasema amepumzika. Tunasema ametutangulia. Lilipotoka nikageuka kuangalia pazia, Mungu anisamehe, nione kama amesikia.

Nilikasirika. Nilimwambia ya kwamba kanisa zima limefunga na kuomba, limemlilia Mungu kwa ajili yake, na sasa anataka kwenda kupima mifupa ya watu asiowajua. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Wewe ukimkumbuka unaweza kutoka nje, Mama. Mimi nikitoka nje nimefukuzwa kazi. Namwangalia akikwama tangu asubuhi mpaka jioni. Nimechoka. Nikikuambia nimechoka, utaona nimemwacha?"

Hapo hasira ikanishuka yote. Nilimwona vile alivyokuwa msichana, amekaa mwisho wa kitanda ameshika nyayo za mdogo wake azipashe moto kwa viganja. Hakuna aliyemtuma. Na hakuna aliyemwambia sasa inatosha, nenda kacheze.

Nikamuuliza seli za mifupa zina nini cha kuchunguza, maana mfupa naona ni kama jiwe. Akasema hapana, ndani yake mna seli hai, na zinasikia uzito. Ukibeba kiasi, mfupa unajijenga. Ukilala kitandani muda mrefu, unapungua, kwa kuwa hauna cha kubeba.

"Na ukibebeshwa kupita kiasi?"

"Unavunjika, Mama."

Hakulisema kwa kunichoma, alikuwa ananifundisha tu. Lakini nilikaa nalo. Lipo nami hata sasa ninapoandika.

Nikainuka kwenda kuyamwaga yale maji, magoti yakakataa kama kawaida yao siku za baridi. Nililalamika kwa sauti bila kutaka. Furaha akaninyang'anya ile chupa, akaifunga vizuri kwa kitenge, akanikalisha na kuniwekea magotini. "Tulia. Wewe ndiye unayeumwa hapa."

Joto likapenya taratibu.

Tangu tumzike mwanangu, hii ni mara ya kwanza chupa hiyo kumgusa mtu.

Sasa ni adhuhuri, mvua imebaki ya manyunyu, Furaha amekwenda kununua chapati. Kabla hajatoka nilimwambia, "Wajibu hao watu wa mifupa. Usisubiri Jumatatu." Akasema, "Una hakika?" Nikasema sina, lakini ajibu. Alianza kuandika kwenye simu akiwa amesimama mlangoni.

Akina mama wa kanisa mtakaosoma hii kabla ya ibada, msinishangae kesho. Nitasimama naye kama mchungaji alivyopanga. Sitasema anatafuta dawa. Nitasema nilikuwa na watoto wawili, mmoja amekufa, neno hilo hilo, nijaribu kinywa changu kama kitaliweza, na mwingine yuko hai, amepata kazi, mmwombee. Vigelegele mkivipata mpige. Msipovipata nitawaelewa.

Kinachonitisha si kanisa. Ni mvua itakayonyesha yeye akiwa ameshaondoka, nikiwa peke yangu na lile pazia. Kwa maana najijua, nitasikia ile sss, na miguu itashuka kutafuta kandambili kabla sijafikiri. Bwana, sikuombi uniondolee. Ni mwanangu, aje tu. Maji nitabandika.

Ila yakichemka nitayatia chupani, niketi, niiweke kwenye magoti yangu.