Mikro na mwanya wetu

Mujukuu wangu Nyota,

Nakusalimia toka Kalemie. Mama yako amepona, amerudi sokoni na ndagala zake, samaki wadogo wa ziwa.

Barua yako ilinitisha, kisha nikapumua: umeniuliza kabla ya kwenda kwa daktari wa meno. Unasema studio unakorekodi nyimbo Lubumbashi inalalamika "s" yako inatoboa masikio, basi unataka kuziba mwanya.

Mwanya huo ulitoka kwangu. Nilipokuwa musichana, korali yetu ya kanisa ilirekodi kaseti, na "s" yangu ililia kama mafuta ya moto. Kwa aibu nikaanza kuimeza. Tuliposikiliza, kila "Yesu" niliyoimba ilikosa "s". Mwalimu wa korali akauliza, "Binti, jina la Bwana umelikata?" Wenzangu wakacheka, mimi nikalia.

Papa mmoja, fundi wa mashine ya kurekodi, hakucheka. Alisogeza mikro ya kunasia sauti pembeni kidogo, isitazame kinywa changu moja kwa moja. Akasema, "Imba tena, usimeze kitu." Nikaimba, "s" zikatoka laini, nami nikalia tena, kwa furaha.

Kwa hiyo mwambie fundi wa studio asogeze mikro kwanza. Meno yangu ya mbele yameshaanguka, Nyota. Ule mwanya sasa unao wewe peke yako.

Kambo wako, bibi anayekupenda