Mashine ya Hamisi Imewaka

Jumamosi, Kimara, 1999

Ilikuwa bado inakataa. Tangu Jumatano, shemeji Salum alipofuta kila kitu kwenye kompyuta ya Macintosh ya marehemu mume wangu Hamisi na kuweka mfumo mwingine, Linux, kila tukiiwasha inatuonyesha picha ya disketi yenye alama ya kuuliza. Basi.

Leo karudi kutoka Kipawa, akakaa mezani hadi adhuhuri.

"Kosa langu, shemeji," akasema. "Kwenye kompyuta hizi za zamani Linux haiamki yenyewe. Inaamshwa na mfumo wa Macintosh, nami niliufuta."

Akaurudisha mfumo ule kwenye sehemu ndogo ya diski, kisha akaweka Linux upya. Ikawaka. Akapiga makofi. Mie nikamkatia papai.

Barua za Hamisi zilikuwa humo. Salum aliniuliza kabla ya kufuta, nikamjibu afute tu. Sikuwa nimezisoma. Sijui kwa nini nilisema vile. Tangu siku hiyo nangoja niumie, siumii, na hilo ndilo linalonitisha.

Mwishoni mashine ikauliza jina la mtumiaji.

"Niandike la braza?" Salum akauliza, bila kunitazama.

"Hapana. Andika langu."