Masikio ya Marehemu Ukutani

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Salamu zako kutoka Mikumi zimefika hapa Kimamba. Bibi yako mzima, na mdomo wake pia. Mimi ndiye mchoraji mkuu wa Kilosa nzima. Haya, si kweli; nimechora mara moja tu, kwa mkaa.

Unauliza kama uache kuchora majirani uchore simba watupu, maana simba ndio wanaokuvutia wafuasi kwenye simu. Sikiliza. Alipofariki jirani yetu, fundi wa reli, mimi kama mtani wa ukoo wake nilikuwa na ruhusa ya kuchekesha msibani. Nikamchora ukutani, masikio kama ungo. Watu wakacheka, "Ndiye huyuhuyu!" kisha wakaenda kula. Mjane akabaki. Nikashika kitambaa nifute.

"Mtani, acha," akasema. "Kwa masikio hayo alikuwa akinisikiliza."

Nikakirudisha kitambaa mfukoni. Nyumba ile hupakwa chokaa kila mwaka, lakini pale penye mchoro hurukwa.

Simba wachore, upate wali. Majirani usiwaache.

Na ile picha yangu uliyoniahidi bado naidai. Mapengo usiyazibe.

Babu yako