Mashimo Matatu

Kostanai, 9 Juni

Kaka yangu Yerbolat,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Kunsulu na watoto, na mama zaidi ya wote. Mifugo iko salama? Yule ng'ombe mwekundu mliyemwokoa kwenye mafuriko ameshazaa? Mimi huku mwili ni mzima. Kilichonihama ni usingizi.

Asanteni kwa siku tatu mlizonikirimu. Watu saba ndani ya kontena moja tangu mto uibebe nyumba yenu, na bado wifi alinipa mimi kitanda, akanijazia bakuli la chai ya maziwa kila lilipopungua. Nilipoona jinsi mnavyokihesabia siku kile kiwanja cha kilimani mlichopewa mjenge upya, nilikosa pa kuweka uso. Nitakueleza kwa nini.

Unakumbuka ulivyonionyesha msingi wa nyumba yako mpya, ukanisimulia kwamba mlipochimba kona ya kaskazini mlitoa chungu kidogo, kizima. Wifi alikiosha, sasa kuku wanakinywea maji. Nilikigeuza mkononi nikaona nakshi za pembetatu zilizochapwa kwa meno ya kitana. Wewe ukacheka, ukasema, “Si wewe mtaalamu uliyetia sahihi kwamba kilima hakina kitu? Basi hicho si kitu. Waachie kuku.” Nikacheka na mimi. Kaka, kile chungu kina zaidi ya miaka elfu tatu.

Jioni ile nilipanda kilimani peke yangu. Majani yalikuwa yameanza kukauka, ila mahali fulani yalibaki mabichi, yamejipanga duara. Niliyahesabu maduara matano. Kubwa kuliko yote limekatwa na msingi wako.

Ijumaa, mama alipokaanga mikate saba ya kuwaombea marehemu wetu, nilikaa naye jikoni. Alitaja wazee wote, mmoja mmoja, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Na yule mdogo, nimtaje kwa jina gani?” Ndipo akanieleza kwamba chini ya chungu aliona mifupa ya mtoto. Aliikusanya mwenyewe, akaifunga kwa kitambaa chake cha kichwani na kuizika kando ya ua. Hakukwambia kwa sababu una furaha na nyumba, naye hakutaka kuitia doa.

Sasa sikiliza langu, na ukitaka kukasirika, kasirika. Kazi yangu ni kupita mahali kabla nyumba hazijajengwa, kuangalia kama watu wa kale wameacha chochote ardhini. Kilima chenu nilikipima Februari, theluji ikinifika magotini. Utaratibu unataka ardhi iwe wazi na mashimo ishirini ya majaribio. Ardhi ilikuwa chuma. Nilichimba matatu, nikaandika ishirini. Bosi hakunilazimisha. Ningeweza kusema tusubiri theluji iyeyuke, lakini mama alikuwa amenipigia simu asubuhi ile, akikohoa, akiuliza nyumba zitaanza lini. Nilijiambia kilima kile kitupu tu, kila mtu anakijua. Nilikuwa na haraka ya kuwafurahisha.

Leo asubuhi nimepeleka barua ofisini na kueleza yote. Nyumba zote za kilimani zitasimama mpaka makaburi yaliyo chini ya maduara yale yachimbwe na kuandikwa sawasawa, na yako ndiyo ya kwanza. Msimu wa ujenzi huku kwetu mfupi, unaujua; mtakaa kwenye kontena baridi nyingine. Cheti changu cha kazi huenda wakakichukua. Watu watakuja kwako kumlaani aliyesimamisha ujenzi, na sikutaka uwaitikie bila kujua ni dada yako. Ningenyamaza, mngehamia kabla ya theluji na watoto wangelala juu ya kaburi la mwenzao. Nimejaribu kulimeza hilo siku tisa, limenikwama.

Tafadhali watoe kuku kwenye chungu, msikioshe tena. Mama asifukue alipozika. Nitakuja na wenzangu, na nitapiga magoti mwenyewe.

Wasalimie watoto, wabusu vichwani. Wifi mwambie anisamehe kabla yako, labda utamfuata. Mama mwambie jina nimelitafuta na halipo popote. Ijumaa amtaje tu: mdogo wetu.

Ni mimi dada yako,
Zhanyl