Sauti Yangu kwenye Simu ya Kijana Yule

Mpendwa Dada Vasantha,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana sina pa kushika. Mimi ni mama wa hapa Chennai, kazi yangu ni kuwatilia sauti waigizaji wa kike wasiojua Kitamil, mwaka wa kumi na tisa huu, yaani mrembo anafumbua mdomo na anayesikika ni mimi, na Jumatatu nikapewa kipande ambacho shujaa anamzaba binti kofi kwenye kituo cha basi kwa kuwa kamkataa, halafu binti anashika shavu, anatabasamu, anasema, "Sasa najua unanipenda kweli," nikakisema mara tatu vizuri kabisa, mara ya nne nikasema, "Usiniguse tena maishani mwako," na maneno yakaendana na midomo ya yule mrembo, fundi wa sauti akacheka chini chini akaipitisha. Mwongozaji alipoiona akanipigia anafoka: "Wewe mama ni koo tu, nani kakuomba akili?" Anataka Alhamisi niirudie na nimwombe radhi mbele ya wote, la sivyo hanipi kazi tena.

Ningeirudia, Dada, sikufichi. Lakini binti yangu Yazhini, miaka kumi na mitano, kuna kijana wa pikipiki anamfuata kila akitoka shule, kamwambia hapana mpaka kachoka, na juzi kijana akamwekea kwenye simu kipande cha filamu ya zamani, akamwambia, "Sikia, wote huanza kwa kukataa." Sauti ya binti wa filamu ile ni yangu. Mtoto kaniuliza, "Amma, ni wewe?" Nikajifanya naosha vyombo.

Niende, nisiende?

Kalaivani

Kalaivani mdogo wangu,

Pole sana, halafu tugombane kidogo. Miaka kumi na tisa! Ulisema maneno yale ukijua ni uongo, ukarudi nyumbani ukapika mchuzi wa sambar. Sikutupii lawama peke yako, sisi wengine tulikaa kwenye viti vya sinema tukishangilia. Lakini hata hasira yako ilipokuja umeipenyeza kama mtoto anayeiba sukari. Mwongozaji hajaambiwa hapana bado.

Kumwomba radhi yeye? Thubutu! Leo mwombe Yazhini. Mwambie, "Ndiyo, ni mimi, na nilikosea." Acha vyombo.

Kisha unawajua kwa majina wanawake watakaoitwa kukaa kwenye kiti chako. Wapigie wewe kwanza, wasomee kipande chenyewe. Wakigoma wote, mwongozaji atabaki na mrembo bubu. Wasipogoma utaikosa kazi, na itauma, sikudanganyi. Alhamisi nenda hata hivyo, simama mbele ya hao aliowakusanya, useme, "Nilikosea kujificha. Maneno yako siyasemi." Toka.

Jina la kijana na namba ya pikipiki wapewe mwalimu mkuu na polisi, kesho asubuhi. Jioni usimtume baba mtu. Simama mwenyewe kwenye geti la shule, mwambie kijana amwache binti yako, na umwambie kwa sauti ileile ya sinema. Ataitambua.