Ubeti wa Pili wa Mama Fazal

Jumamosi, 3 Mei 2025

Shinyanga. SANTURI! Boksi zima!

Shangazi Asteria kanituma kamba kwa mzee Fazal. Kufika, duka nusu tupu. Anafunga, jengo anauza, mama yake anapelekwa Kanada kwa binti yake tarehe 14. Chini ya kaunta boksi la takataka. Nachungulia — santuri zile nzito, za kuvunjika kama sahani. Nyimbo za filamu za Kihindi za enzi babu yangu yuko mgongoni kwa mama yake! Nikapiga ukelele. Mzee Fazal akauliza, binti, umeona nyoka?

Angejua! Mwaka wa tatu huu najifundisha habari za nyimbo hizi mwenyewe kwenye simu. Kwetu Katoro wananiita Mhindi wa standi. Kuna kundi mtandaoni la watu wanaotafuta nyimbo zilizopotea — filamu ziliungua, zingine zilioza, kilichobaki ni santuri moja moja kwenye mastoo ya watu. Nasoma tu wanavyobishana. Sijawahi kuwa na cha kuonyesha. Leo ninacho.

Mama Fazal akatoka ndani, mzee kabisa, anasikia sikio moja. Nikamwamkia shikamoo mama, akanijibu Mwangaluka! Kisukuma chake kinanishinda mimi Nyamizi, mtoto wa Msukuma. Akapekua boksi kwa vidole, akatoa moja, akaipakata kama mtoto. Lebo imebanduka nusu. Anasema mama yake alikuwa anaiweka hii akipepeta mchele, anaimba nayo. Mama akafa yeye bado mdogo, hajaanza hata shule. Ubeti wa kwanza anaukumbuka. Wa mwisho pia. Wa pili umeng'oka, anasema, kama jino, ulimi kila siku unaenda pale pale.

Gramafoni yao imekufa springi. Akaniuliza, we mtoto una mashine? Nikasema ninayo. (Sina. Boaz anayo.)

Mzee Fazal akasema hiyo haitoki humu. Mama yake akamwambia nyamaza, Fazal. Mtu ana mvi kichwa kizima — akanyamaza! Nimepewa. Ausikie ubeti wa pili kabla ya ndege. Nimeahidi.

Jumatatu, 5 Mei

Katoro. Nimeipakata kwenye basi njia nzima, kila tuta roho mkononi.

Boaz ni fundi redio, kibanda chake kimegusana na changu cha kuuza nyimbo. Mashine yake ya santuri ina spidi mbili tu, zote ndogo kwa hii. Tukabishana. Mimi nikasema turekodi taratibu hivyo hivyo, nitaikimbiza kwenye laptop. Akacheka, akachomeka waya. Jamani — spidi ndogo yule mama anaimba kama ng'ombe mwenye mafua! Boaz kalala chini kwa kicheko. Neno halishikiki hata moja. Haidhuru. Nimekimbiza, nimesafisha, nimebonyeza kutoa, laptop ikafanya kazi mpaka mwisho — na umeme huo ukaondoka kabla sijasikiliza, na betri ya laptop ilikufa zamani.

Nimemwandikia Ankit, yule mkuu wa kundi, yuko India. Nimemtumia picha ya ule upande wa lebo wenye herufi. Kajibu kwa alama za mshangao tu, mstari mzima. Anasema filamu hiyo wanaijua kwa jina tu. Wimbo huo hakuna mtu aliye hai aliyewaambia ameusikia.

Mmoja yupo. Yuko Shinyanga, anasikia sikio moja.

Jumanne, 6 Mei

Imevunjika.

Cornel. Katoka duarani, kwenye shimo lao la dhahabu, na kiroba cha mawe, anapeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga, kasimama kwangu kuuliza kama umeme umerudi achaji simu. Kiroba kakitua kwenye stuli. Kwenye stuli kulikuwa na santuri, nimeifunika kanga isipigwe vumbi. Kra! Basi.

Anasema Nyamizi samahani, nilidhani ni kanga tu. Kweli ilikuwa inaonekana kanga tu. Nani kaifunika? Mimi. Nimemtukana lakini. Akasimama pale na kofia yake ya tochi, mtu mzima, mdomo unamcheza. Akasema akitoa dhahabu ataninunulia nyingine. Ataninunulia wapi!

Vipande viwili vikubwa na kimeno kimoja kilichoruka pembeni.

Nimejituliza. Wimbo ninao kwenye laptop. Umeme ukirudi nasikiliza.

Jumanne hiyo hiyo, jioni

Umerudi. Nimesikiliza.

Mungu wangu mimi ni mjinga.

JINGO.

Kila wimbo unaotoka kwenye laptop yangu unapigwa jingo, tangazo langu juu ya muziki. Nimeiseti ijipige yenyewe. Usipopiga jingo, mteja anaondoka na memori kadi, kesho wimbo uko kwa Onesmo mtaa wa pili, anauuza kama wake. Wote tunafanya hivyo. Jingo fupi mwanzo, fupi mwisho, na ndefu katikati, kwa sababu mwanzo na mwisho wezi wanakata. Katikati hawawezi. Nilikuwa najisifu kwa hilo.

Kwa hiyo: yule mama anaanza, sauti nyembamba, mbali, kama yuko chumba cha pili — nywele zimenisimama. Ubeti wa kwanza huo. Anavuta pumzi aingie wa pili, na mimi hapo! Honi ya lori! Halafu sauti yangu na mwangwi: NYAMIZI MYUZIKI, KATORO, STANDI YA ZAMANI! USIIBE, NJOO UNUNUE! NYAMIZI-ZI-ZI-ZI! Mpaka ubeti umeisha.

Faili ghafi? Laptop imejaa, niliiseti ifute ghafi jingo ikishapigwa. Nimejaribu kila programu ya kufufua. Hakuna kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Sijafungua kibanda. Nimejaribu kujitoa mle ndani — kupunguza, kukata masafa, kugeuza. Nikijitoa naondoka naye. Tumeshikana.

Nikamtumia Ankit. Kajibu, na programu ikanitafsiria hivi: "Tafadhali, huyu mwanamke anayepayuka ni nani, na kwa nini?" Nimemwambia ukweli. Halafu akaandika usitupe vipande. Santuri iliyovunjika safi huwa inaweza kuunganishwa, gundi upande wa pili, mifereji ikutane, ukabahatisha kuicheza mara moja. Itakuwa inagonga kila mzunguko. Pembeni palipomeguka ni mwanzo wa wimbo. Katikati pazima.

Katikati pazima!

Boaz anasema mfereji wenyewe mwembamba kama unywele, mimi kijana wa watu macho yangu ni ya kuchomea redio. Lakini kachukua. Cornel kaja na taa yake ya kichwa, akamkopesha. Hatujasemeshana.

Jumapili, 11 Mei

Mzee Fazal kapiga simu: mama haachi kuuliza, lete hicho ulichorekodi. Nikaenda Shinyanga na simu na spika. Nilifikiri labda akisikia vile vipande vya ubeti vinavyochungulia chini ya kelele, neno litamrudia.

Sebule tupu, mabegi yamepangwa mlangoni. Mzee Fazal kauliza santuri iko wapi. Nikasema ipo, iko salama kwa fundi. Ulimi ukasema wenyewe.

Nikaweka spika upande wa sikio zuri. Mama Fazal akaanza kutikisa mkono, huku na huku — nikaelewa, anapepeta. Mikononi hamna ungo. Uso ukawa wa mtoto. Akaimba ubeti wa kwanza naye. Akavuta pumzi.

Honi.

Karuka kwenye kiti. Mimi napayuka pale sebuleni kwa watu, NJOO UNUNUE! Mama Fazal kainua kiganja, ananionyesha spika, hajui kabisa kuwa ni mimi.

"Mwambie huyo mtoto anyamaze. Mama yangu anaimba."

Nikasema ndiyo mama, nitamwambia.

Mzee Fazal alikuwa ananiangalia mimi. Yeye sauti kaijua.

Jumatatu, 12 Mei

Gundi ya kwanza ilikataa. Boaz kaibandua, kaanza upya. Kasema nisikae karibu, naipumulia.

Nimemkuta Onesmo, anacheka: nasikia unalia kwa ajili ya wimbo wa Kihindi, si upakue mwingine? Wiki iliyopita na mimi ningesema hivyo hivyo kwa mtu.

Jumanne, 13 Mei

Boaz kaniita asubuhi. Imeshika. Kapitisha ukucha pale kwenye ufa, kakunja uso. Anasema ikicheza, itacheza mara moja. Sindano itabandua gundi. Na barabara ya Shinyanga usiitaje, ukifika nayo Kahama imeshakuwa ugoro.

Mama Fazal anaondoka kesho alfajiri. Kwa hiyo hapa hapa, leo, kwa simu.

Tatizo spidi. Kwenye simu hakuna kukimbiza kwenye laptop, atasikia yule ng'ombe. Boaz kawaza, kazungushia utepe kile kigurudumu cha mota kinenepe, kajaribu na sahani ya bati ya chai. Ikakimbia! Sio kamili. Karibu. Cornel kashika saa, anahesabu mizunguko kwa sauti, kakosea, kaanza tena. Nimemwambia asante. Kaangalia chini.

Nikampigia mzee Fazal. Nikamwambia yote. Imevunjika, na nilikudanganya. Nilikuwa nasubiri matusi, kwa kweli niliyataka. Akasema, "Mama hajui. Usimwambie. Amelala, akiamka napiga mimi." Halafu, kabla hajakata: "Binti. Wewe mwenyewe usiseme kitu. Hata halo."

Laptop nayo nimeichomeka irekodi. Jingo nimeifuta. Sio kuzima — kufuta, mpaka kwenye pipa. Boaz kaniuliza, na Onesmo je? Onesmo achukue.

Tumefunga mlango wa bati. Karasha kule nje nimemwomba Cornel akawasihi wazime kidogo, kaenda mbio, sijui kama watakubali. Bado naisikia. Naandika hapa kwenye goti ili nisiguse chochote.

Karasha imenyamaza.

Simu inaita. Boaz kaipokea, kaiweka karibu na spika. Mtu anapumua — sio mzee Fazal, ni mama yake mwenyewe, nasikia na bangili zake. Boaz kashika mkono wa sindano, kidole kingine kaweka mdomoni, ananitazama, eti nisiseme kitu.

Najua, bwana. Najua. Shusha sindano. Kalamu naweka chini.