Kibendera cha Chiriku

Mwanangu, na wewe mkwe wangu,

Mboga iko jikoni, pasheni tu, msiongeze chumvi. Mvua ikija, anueni nguo.

Msimtafute Chiriku. Nampeleka mwenyewe shuleni, ile ile ya sebuleni kwa mchungaji, ambayo baba yake ameapa asubuhi hii kwamba mtoto hakanyagi tena. "Shule gani haina hata kengele!" Nimesikia, mwanangu. Na majirani wamesikia.

Mlipokuwa mnafokeana, mtoto alisimamisha kibendera chake kando ya kikombe. Kule shuleni mwenye la kusema husimamisha kibendera mezani, na mwalimu huja. Hapa hamkugeuka hata mmoja. Mmoja akabamiza mlango akaenda kazini, mwingine akajifungia chumbani. Chai ikapoa.

Basi nikaja mimi. "Unasemaje, mke mwenzangu?"

"Bibi, nataka kubaki kule."

Kwa sauti kabisa! Huyu ambaye kwenye ile shule kubwa mwaka mzima hakuweza hata kuitikia "nipo" akiitwa jina. Mnataka kumrudisha huko akawe bubu tena?

~~Mkitaka, mfuateni mchana.~~ Msije. Nitamrudisha mwenyewe.

Kibendera nakiacha hapa mezani, kule anacho kingine. Leo jioni mwenye la kusema akisimamishe kwanza, angoje aulizwe. Ataanza Chiriku. Wewe mwanangu utakuwa wa mwisho, na usinune, nakujua.

Mama yako, niliyekufundisha kusema